Waliokosekana Ibadani

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze, tarehe 5 Mei 2023, kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha, nimeisikia sifa moja ikirudiwa mara nyingi hapa Mpanda, katika vikao vya kanisa na hata katika mahubiri. Husemwa kwamba sisi Watanzania hatukufunga makanisa, na kwa hiyo wakati majirani zetu walitawanyika, sisi tulibaki kitu kimoja. Sifa hii ni tamu masikioni. Tena ina ukweli ndani yake, ndiyo maana yafaa ipimwe badala ya kupigiwa makofi tu. Nataka kuihakiki kama nilivyokuwa nikihakiki andalio la somo la mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha: nianze na yaliyo mema, kisha niseme lililopungua.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokwenda, maana watu husahau upesi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa, vyuo vikafuata. Tarehe 22 Machi, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli aliwataka waumini waendelee kwenda makanisani na misikitini. Mwezi Aprili zikatengwa siku 3 za maombi ya taifa. Mwisho wa mwezi huo takwimu za wagonjwa zilikoma kutolewa mara kwa mara, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Hata hivyo si viongozi wote wa dini waliofuata njia moja. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha misa za hadhara jimboni mwake katika mwezi huohuo wa Aprili.

Wenzetu wa Kenya walisimamisha ibada za pamoja mwezi Machi 2020. Walipozifungua Julai, watu hawakuruhusiwa kuzidi 100, ibada haikutakiwa kupita saa moja, na waliozidi umri wa miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Uganda nao walifunga Machi, wakafungua mwishoni mwa Septemba kwa watu wasiozidi 70.

Sasa nitoe haki panapostahili. Mlango wa kanisa uliobaki wazi uliwafaa wengi. Katika mkoa wetu wa Katavi kanisa si mahali pa sala peke yake. Fikiria makazi ya Katumba na Mishamo, ambako watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walianza maisha upya katikati ya msitu. Kwa watu kama hao, kanisa ndipo panapopatikana habari, faraja, na mtu wa kukusaidia kubeba mgonjwa. Kufunga mlango ule kungekuwa kuwakata watu mguu mmoja. Anayesema kwamba kufunga kulikuwa jambo jepesi hajapata kuishi mahali ambapo ofisi iliyo karibu iko mwendo wa nusu siku.

Lakini mlango wazi unaeleza jambo moja tu, kwamba anayetaka kuingia aingie. Hausemi lolote juu ya asiyeingia. Hapo ndipo ninapoona pengo.

Sisi walimu tunalo daftari la mahudhurio. Mwalimu mgeni hudhani daftari lile ni la kuhesabu waliopo. Miaka yote niliyoongoza chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo wangu kwamba waliopo unawaona kwa macho, huhitaji kitabu. Daftari ni kwa ajili ya wasiokuwapo. Mwalimu anayeita majina, akaandika kwamba mtoto hayupo siku tatu mfululizo, kisha akafunga daftari na kuendelea na somo, amepoteza wino bure.

Kule Kenya mzee wa miaka 70 alipokosekana ibadani, kila mtu alijua sababu: serikali imemkataza. Amri ile ilikuwa chungu, lakini iliwaonyesha wachungaji waziwazi ni kina nani walioachwa nyuma na wanaopaswa kufikiwa. Hapa kwetu mzee hakukatazwa na mtu. Alipoamua mwenyewe kukaa nyumbani kwa sababu kifua chake kibovu, hakuwa na amri ya kumtetea. Alihesabiwa kuwa mwoga au mwenye imani haba. Naye, kwa kuona aibu, akanyamaza. Basi kanisa lilijaa, tukatazama mabenchi yaliyojaa, tukasema tuko pamoja.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wazee. Katika Januari na Februari 2021, kwa shauri la daktari, nilikaa nyumbani Jumapili sita. Nilisali kwa redio. Radio Maria Tanzania, iliyoanza Songea mwaka 1996, imewalea Wakristo wengi wa mikoa ya mbali, na siwezi kuikosea shukrani. Nilisikiliza misa nzima, mimi na mke wangu tukiitikia sebuleni kama watu walioko kanisani. Mahubiri yalikuwa mazuri. Lakini Jumapili ya tatu kikohozi kilinizuia kuitikia, na redio haikuuliza kwa nini nimenyamaza. Sisemi hivyo kuilaumu. Chombo kile kimeumbwa kusema, hakikuumbwa kusikia. Tunapokipa kazi ya kuwa kanisa zima, tunakipa mzigo usio wake.

Vijana waliniambia kuna dawa ya upungufu huo: makundi ya WhatsApp, ambako kila mtu husema na kusikia. Dawa hiyo nayo tuipime. Wazee wengi wa rika langu hutumia simu za kitochi, ambazo haziwezi kuingia katika makundi hayo. Mwenye simu kubwa anahitaji kifurushi, na mwezi Februari, mazao yakiwa bado shambani, kifurushi hushindana na sukari. Nilikuwa katika kundi moja kwa simu ya mwanangu. Mtu akiandika kwamba anaumwa, watu 30 hujibu “Amina” au hutuma picha ya mikono iliyofumbwa. Niliuliza siku moja ni wangapi kati ya hao 30 waliokwenda kumwona mgonjwa. Jibu halikuja. Neno “Amina” lilikuwa limefanya kazi ya miguu.

Njia ya tatu ilikuwa barua. Mwishoni mwa Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye kuanzia 2014 hadi 2018 alikuwa askofu wetu hapa Mpanda, alitoa barua akiwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Alitahadharisha juu ya wimbi jipya la ugonjwa, akakumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa. Naihesabu barua hiyo kuwa kazi njema ya uandishi wa kichungaji, kwa sababu iliutaja ugonjwa wakati ambapo wengi tuliukwepa kwa maneno ya adabu. Msomaji atakumbuka matangazo ya vifo ya siku zile: fulani amefariki kwa “changamoto ya upumuaji”. Mwezi Machi Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, alisema kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Jambo likishatajwa kwa jina lake watu wanaweza kulishughulikia.

Hata hivyo barua ina mpaka wake. Hutoka kwa askofu ikafika parokiani, ikasomwa mimbarini, ikasikika kwa waliofika. Asiyekuja hakuisikia, na pengine yeye ndiye aliyeihitaji kuliko wote.

Katika mji huu alikuwapo mzee mmoja mstaafu wa reli, mjane aliyeishi peke yake. Miaka mingi alisali misa ya kwanza, benchi lilelile. Katika wimbi lile la 2021 aliacha kuja. Jumuiya ya mtaa wake ilikuwa imeacha kukutana tangu mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeichukua nafasi yake. Parokia sitaitaja. Jumapili tatu zilipita. Mtoto wa jirani, aliyetumwa kuomba chumvi, ndiye aliyemkuta kitandani, hana nguvu ya kuchota maji. Alipelekwa hospitali, akafariki siku ya pili. Siku ya mazishi kanisa lilijaa hadi nje, kwaya mbili ziliimba, na michango ilikuwa mikubwa. Nilitazama umati ule nikajiuliza ulikuwa wapi alipohitaji ndoo moja ya maji.

Kwangu mambo yalikuwa tofauti, na sababu yake si kwamba mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Jumamosi ya pili ya kukaa kwangu nyumbani, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama muuza mboga sokoni, alisimama uani chini ya mwembe, mbali na mlango, barakoa usoni.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Ahsante, nitasimama hapahapa. Jumapili mbili hatukukuona. Unakula? Maji yapo?”

Hakuhubiri, wala hakuniuliza kuhusu imani yangu. Aliuliza habari ya chakula na maji, akasikia kikohozi changu, akaondoka. Jioni mwanawe alileta ndimu na dumu la maji. Kila Jumamosi akarudi, mpaka nilipopona.

Mama yule hakubuni jambo jipya. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kwamba uhai wa kanisa ujengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba chache za majirani wanaofahamiana kwa majina. Walioishi zama za mabalozi wa nyumba kumi wataelewa mara moja maana ya mpango huo. Katika jumuiya ya nyumba 15, asiyeonekana anaonekana.

Naweza kupingwa hapa. Mtu atasema kwamba jumuiya nyingi zimegeuka kuwa vituo vya kukusanya michango. Ni kweli, na lawama hiyo naiunga mkono. Nimeona madaftari ya jumuiya yenye safu za zaka, ujenzi, mavuno na harambee, lakini hayana hata safu moja ya wagonjwa. Daftari la namna hiyo linamjua mdaiwa, halimjui mwenye homa. Mwingine atasema kutembeleana wakati wa maradhi ni kueneza maradhi. Naye ana hoja. Lakini mama wa chini ya mwembe alikwisha kumjibu: hakuingia ndani, hakunipa mkono, aliuliza kwa sauti kutoka mbali.

Mkoa wetu ulipata kumwona mtu aliyeunganisha imani na huduma kwa namna hiyo. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwafundisha vijana wa Kiafrika udaktari huko Malta ili wawe matabibu na makatekista kwa pamoja, na Atiman akawa mmoja wao. Alifika Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akakaa huko akitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka 67 watu wa Karema hawakuhitaji kuchagua kati ya mwenye kuwaombea na mwenye kuwapima homa, maana alikuwa mtu mmoja.

Basi hukumu yangu juu ya sifa ile ni hii: tulikuwa na milango wazi, lakini umoja wetu ulikuwa mahali penye mtu wa kuuliza habari za jirani, na palipokosekana mtu huyo haukuwapo, hata kanisa likijaa. Maradhi hayajaisha duniani. Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023, ikarudi huko mwaka 2025, na kipindupindu hakijatuaga. Kabla lingine halijabisha hodi, kila jumuiya iongeze safu moja katika daftari lake, ya wasioonekana wiki hii, na iwachague watu wawili wenye miguu mizuri wa kwenda kuuliza kabla ya Jumapili inayofuata. Kazi hiyo haina gharama ya kifurushi wala haihitaji kibali cha askofu. Inahitaji kalamu, na mtu asiyeona haya kusimama uani kwa jirani na kupiga hodi.