Seva Iliyotunzwa Hujulikana kwa Inachokataa

Mtu akikuambia seva yake ni salama kwa kuwa ina TLS 1.3, itifaki ya kusimba mawasiliano, usimpongeze bado. Itifaki hiyo ilitoka Agosti 2018, na maktaba ya usimbaji OpenSSL, toleo la 1.1.1, ikaanza kuibeba mwezi uliofuata. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Mimi huanza kwa kuuliza kimezimwa nini. Wapo wanaoweka mlango mpya wa mbele huku ule wa uani umeegeshwa tu.

Fungua terminali, uielekeze amri ya openssl s_client kwenye poti 443 ya seva, ukilazimisha TLS 1.0, kisha 1.1. Seva nzuri hukata mazungumzo hapohapo. Ila angalia aliyekataa ni nani: kuanzia OpenSSL 3.0, hata programu iliyo kwenye kompyuta yako hugoma kutumia itifaki hizo mpaka uishushe kiwango cha usalama, na wakaguzi wengi huisifu seva kwa kazi isiyo yake. Hizo mbili, ya 1999 na ya 2006, shirika la viwango vya intaneti, IETF, lilizistaafisha rasmi Machi 2021. Mwenye seva akijitetea kwamba bado ana wateja wa zamani, mwombe hesabu. Programu ya seva kama nginx inaweza kuandika itifaki ya kila anayeingia. Asiye na hesabu hiyo anakisia.

TLS 1.2 si aibu, mradi ufunguo wa kila mazungumzo uundwe upya kwa ECDHE. Hapo aliyerekodi mawasiliano ya leo hataweza kuyasoma hata akiiba ufunguo wa seva mwakani. Ukikuta usimbaji wa kale wa RC4 au 3DES, funga daftari.

Namba ya toleo ndiyo inayowapoteza wengi. Heartbleed, kasoro ya OpenSSL iliyovujisha siri za seva, ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, dawa ilikuwa toleo la 1.0.1g. Red Hat walitia kiraka ndani ya 1.0.1e na jina wakaliacha vilevile, kwa hiyo aliyesoma herufi tu aliihukumu seva iliyokwisha kupona. Soma kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi, utafute CVE-2014-0160. Kisha uliza kama funguo na vyeti vilibadilishwa, maana kiraka hakirudishi kilichokwisha kuvuja.

Kosa baya zaidi halionekani kwenye orodha ya vifurushi. Fundi amesasisha OpenSSL, diski ina faili jipya, lakini nginx iliyowashwa miezi sita nyuma bado imeshikilia lile la zamani kwenye memori. Kwenye Linux, lsof hulionyesha faili hilo kuwa limefutwa ilhali linatumika. Debian ina needrestart ya kuwinda michakato ya namna hiyo. Kontena ni balaa jingine: kila moja huweza kuja na OpenSSL yake, na kuisasisha mashine iliyolibeba hakugusi kitu ndani. Mkaguzi asiyefungua kontena hajakagua.

Mwisho ni kalenda. OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa viraka vya bure Septemba 2023, na 3.0 imepangiwa Septemba 2026. Toleo la 3.5, lililotoka Aprili 2025, litahudumiwa hadi 2030, na limekuja na ML-KEM, kinga dhidi ya kompyuta za kwanta. Muulize msimamizi atahamia lini na atajaribia wapi kwanza. Fundi mzuri atakutajia tarehe na seva ya majaribio bila kulazimika kumpigia mtu simu.