Ekseli Ibaki, Gari Lishuke

Ukitaka kujua kama gari la zamani limeshushwa na fundi au na mkono wenye haraka, usitazame pengo lililobaki kati ya tairi na bodi. Piga magoti nyuma ya bampa, uitazame ekseli. Kazi yote iko hapo: jinsi ilivyofungwa, inavyopanda na kushuka, kama bado imekaa katikati ya gari, na kama ni ile ile iliyotoka nalo kiwandani. Mafundi wa jua kali wa Thika na Ruiru wanaoifanya kazi hii kwa utulivu wanastahili sifa wasizopewa, na sifa yao ya kwanza inatokana na jambo wasilolifanya. Hawakimbilii kuing'oa ekseli. Dai langu ni kwamba gari kuukuu linaweza kushushwa, likapendeza na likaendeka vizuri, huku ekseli yake ya nyuma ikibaki pale pale. Na anayelishusha hivyo ana ujuzi mkubwa kuliko anayetundika nyingine.

Thika ni mji uliozoea magari. Kiwanda kiitwacho leo Kenya Vehicle Manufacturers kilianza hapa katika miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, na mwaka 2016 Volkswagen ilirudi kuunganishia hapo Polo Vivo. Lakini magari yanayoshushwa kwa mapenzi si hayo mapya. Ni Toyota Corolla KE70, ambayo wengi wanaijua kama DX, ni Peugeot 404 na 504, ni pikapu za Datsun na Hilux za zamani. Haya ni magari ambayo hayatarudi. Kanuni ya Kenya inakataza kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Corolla ya saluni iliyofuata KE70, ile ya mwaka 1983, ilihamishia nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Kwa hiyo kila ekseli ya DX iliyopo nchini ni sehemu ya akiba inayopungua tu. Ikikatwa ili itoe vipande vya kuchomelea, au ikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hakuna meli itakayoleta nyingine. Kwangu hoja hii peke yake ingetosha kumfanya mtu asite kabla ya kufungua yubolti. Lakini iko hoja nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni ya kiufundi.

Gari likishushwa, kinachobadilika kwanza ni springi. Mwenye haraka huikata springi ya koili kwa grinda, au huipasha moto kwa gesi mpaka ilegee na kuzama. Njia ya moto haina utetezi wowote, kwa sababu chuma cha springi kinapata unyumbufu wake kutokana na kupashwa na kupozwa kwa kipimo maalumu, na moto wa gereji unaufuta. Kukata kuna hesabu yake. Koili yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Ikikatwa miwili huwa ngumu zaidi kwa asilimia 50. Fundi anayejua hilo anaweza kukata kidogo kwa makusudi, kwa kuwa gari lililoshuka linahitaji springi ngumu kiasi ili lisigonge mpira wa kuzuia. Asiyejua hukata mpaka jicho lake liridhike, kisha analaumu ekseli gari linaporukaruka. Kwenye springi za bamba mambo ni hayo hayo. Kuchomoa bamba moja kati ya matano yenye unene sawa kunaondoa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu, na mabamba yaliyobaki ndiyo yanayobeba mzigo na pia kuizuia ekseli isijipinde breki zinapokanyagwa. Pale ambapo ekseli imekaa juu ya springi, njia iliyo safi ni kuweka kipande cha chuma katikati yake na kufunga yubolti ndefu zaidi. Springi inabaki na nguvu zake zote, na ekseli ni ile ile. Lakini springi ikiwa juu ya ekseli, kipande hicho hicho hulipandisha gari. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalomtenganisha anayeelewa na anayeiga.

Baada ya springi inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote katika ufundi huu, yaani kuirudisha ekseli mahali pake. KE70 ya saluni inashikiliwa nyuma na mikono minne, pamoja na fimbo ya kukingama inayotoka kwenye bodi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Fimbo hiyo ikishuka inachora duara, na ekseli inasogea kando. Tuseme ina urefu wa milimita 900 na ilikuwa imelala sawa: gari likishuka milimita 50, ekseli inasogea karibu milimita 1.4, likishuka 75, inasogea zaidi ya milimita 3. Hapo ndipo tairi la upande mmoja linapoanza kusugua ukingo wa bodi, na mwenye gari anaambiwa kwamba ekseli ni pana mno, atafute nyembamba. Ekseli si pana. Fimbo ndiyo imekuwa na urefu usiofaa, na fundi hodari huikata, huitia nyuzi za kurekebishia, kisha hupima kutoka rimu hadi chesi pande zote mbili mpaka vipimo vilingane. Vivyo hivyo kwa propela. Viungio vyake viwili vinatakiwa viwe na pembe zinazolingana, la sivyo shafti itaharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, na gari litatetemeka likishika kasi. Kwenye springi za bamba, kabari ndogo ya chuma chini ya kiti cha springi inaliondoa tetemeko ambalo wengine wamelinunulia difu nyingine. Na kuna jambo linalosahauliwa hata na wazoefu: pikapu nyingi, Hilux ikiwemo, zina vali inayopima umbali kati ya chesi na ekseli ili ijue mzigo uliobebwa. Gari likishushwa, vali inadhani limejaa, inapeleka nguvu nyingi za breki nyuma, na magurudumu ya nyuma yanajifunga barabara ikiwa na maji. Kurekebisha kijiti cha vali hiyo ni kazi ndogo. Kutokujua kwamba kipo ni hatari kubwa.

Watakuja wanaosema kwamba ekseli ngumu, ile ambayo magurudumu yote mawili yameunganishwa na bomba moja la chuma, ni teknolojia iliyopitwa, na kwamba tukishaanza kulitengeneza gari ni afadhali tuiondoe kabisa. Historia ya Safari Rally inawajibu vizuri. Kuanzia 1963 hadi 1968 kila gari lililoshinda mashindano hayo lilikuwa na ekseli ya namna hiyo: Peugeot 404 mara nne, Ford Cortina mwaka 1964, na Volvo PV544 ya Joginder Singh mwaka 1965. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer yenye ekseli ngumu juu ya springi za bamba, na Shekhar Mehta akashinda mfululizo kutoka 1979 hadi 1982 kwa Datsun zenye ekseli ya aina hiyo. Ni kweli magari hayo yaliinuliwa, hayakushushwa. Lakini chuma kilichostahimili barabara hizo hakiwezi kuitwa dhaifu kikiwa Thika Superhighway.

Hata hivyo sitetei kila ekseli kwa kuwa ni ya asili. Bomba lililopinda halinyooshwi kwa nyundo likaaminika. Injini ikibadilishwa ikawa na nguvu mara mbili ya ile ya kwanza, difu ndogo ya Corolla itasagika, na hapo kuleta ekseli nzito zaidi ni uamuzi wa busara. Na Peugeot 404 ina kesi yake: difu yake hutumia skrubu na gurudumu la shaba, mpango ambao 504 iliuacha, na vipuri vyake vimekuwa adimu. Anayetaka 404 ya kuendesha kila siku ana sababu ya kufikiria mabadiliko. Lakini na ajue anachokiingia, kwa maana propela ya gari hilo imo ndani ya bomba lililofungwa kwenye ekseli, na bomba hilo ndilo linalozuia ekseli isijizungushe. Ukiitoa ekseli umetoa na kizuizi chake, na inabidi mikono mipya ibuniwe na kuchomelewa kwenye bodi ambayo haikuundwa kuvutwa nayo. Kazi hiyo inawezekana. Ila iitwe kwa jina lake, ni ujenzi wa gari upya, na bei yake isifichwe ndani ya bei ya kushusha.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la mwananchi wa kawaida: kwa nini mtu ashushe gari katika nchi ya matuta? Barabara za ndani za Ruiru na mitaa ya Makongeni zina matuta ya kutosha kumfanya mwenye gari refu naye atembee kwa uangalifu. Nakubali kwamba pikapu inayobeba mawe ya Ndarugu haina sababu ya kushushwa. Nakubali pia kwamba gari lililolazwa mpaka chesi ikwaruze lami limeharibiwa. Lakini milimita 40 au 50 kwenye saluni ya zamani ni jambo lingine. Gari haliinami sana kwenye kona na upepo wa malori haulisukumi sana. Tena, kwenye gari ambalo mikono yake ya nyuma ilianzia juu kwenye bodi ikateremka hadi kwenye ekseli, kushuka huko kunailaza mikono karibu sambamba na ardhi, na ekseli inaacha kuligeuza gari pole pole kila linapolalia upande mmoja. Huo si urembo mtupu. Sharti ni nafasi ya kupanda ibaki: fundi hupakia watu wanne na mizigo, hupima umbali uliosalia kabla ya ekseli kufika kwenye mpira wa kuzuia, hutafuta shokabsoba fupi zinazolingana na safari hiyo mpya, na umbali ukiwa haba hulipandisha gari tena kidogo, hata kama mwenyewe alilitaka chini zaidi.

Upimaji huo huchukua muda mwingi kuliko kufunga na kufungua, na ndio ambao wateja hukataa kuulipia. Wanaona ekseli nyingine ikiingizwa kwa siku moja, wanaona kitu kipya chenye rangi nyeusi inayong'aa chini ya gari, na wanaridhika kwamba fedha zao zimefanya kazi. Saa tatu za utepe wa kupimia, kamba, timazi na chaki sakafuni hazionekani popote kazi ikiisha. Kama Thika inataka DX na 504 zake ziendelee kuwepo barabarani, saa hizo ziandikwe kwenye bili kama kazi, kwenye mstari wake, kabla ya bei ya springi.