Uso wa Habu: Namna ya Kumjua Anayejua Kuhamisha Ranfleti

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinatembezwa na majirani. Juzi hapa Lukenya, katika mmoja wa mitaa mipya iliyochipuka kati ya kilima na Barabara ya Mombasa, kijana mmoja mwenye BMW E90 alihamisha magurudumu yake yote manne, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kabla chai haijapoa. Akapangusa mikono, na watu wakamsifu. Mmoja akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu wa panchari asahau pesa yake. Nilinyamaza kwa sababu gari halikuwa langu na chai ilikuwa ya mwenye nyumba. Lakini sifa ile imeniwasha tangu hapo. Alichofanya kijana ni kufungua boliti ishirini na kuzifunga tena. Hata mwizi wa magurudumu hufungua boliti ishirini, tena kwa kasi zaidi, na sijasikia akipigiwa makofi.

Basi niseme kazi hii hupimwaje, maana ranfleti zimejaa huku na wengi wanaozimiliki hawakuziomba. E90 zilipotoka mwaka 2005 zilikuja nazo kutoka kiwandani: hakuna spea, hakuna jeki, hakuna wilispana. Zikaingia kwetu kutoka Japani na Uingereza chini ya ile kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, na mnunuzi akagundua siku ya kwanza ya shida kwamba buti lake lina hewa tupu. Akaambiwa asijali, kwa kuwa tairi hili lina ukuta mgumu unaobeba gari hata likiisha upepo. Ni kweli: kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ukitobolewa Lukenya utafika Sultan Hamud. Mtito Andei utaisikia tu.

Ugumu huo wa ukuta ndio watu wanaouchukua kuwa msamaha. Mimi nauona kuwa ndio unaodai kazi safi zaidi. Tairi la kawaida likipungukiwa upepo linalala, nawe unaliona. Ranfleti husimama wima na kukudanganya. Tairi la kawaida humeza makosa madogo ya fundi. Ranfleti huyapeleka yote kwenye usukani. Kwa hiyo anayeishughulikia kwa mazoea ya gari la kawaida kama Probox hajaanza kazi.

Hukumu huanza kabla jeki haijatoka. Tazama anachosoma. Anayejua huinama kwenye ukuta wa tairi na kutafuta herufi: RFT kwa Bridgestone, ZP kwa Michelin, SSR kwa Continental, ROF kwa Goodyear. Akikuta tatu zina herufi na la nne halina, kazi inasimama na mazungumzo na mwenye gari yanaanza. Akikuta mbele 225/45 na nyuma 255/40, hafungui kitu. Hapo hakuna mbele kwenda nyuma, na mwenye busara anarudisha vyombo. Akikuta mshale, anabaki upande uleule. Kama magurudumu yanalingana na hakuna mshale, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma lina njia yake: ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja, ya mbele yanakwenda nyuma kwa kupishana. BMW wenyewe hawapendekezi kuhamisha kati ya mbele na nyuma. Nawaheshimu, lakini wao hawaishi mwisho wa barabara ya vumbi yenye malori ya mawe. Huku unahamisha kila kilomita 8,000, na hilo halina mjadala.

Kisha kiganja. Anapitisha mkono juu ya kashata za tairi, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Mkono ukiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, alaimenti imekwenda, na kuhamisha magurudumu kabla ya kuirekebisha ni kugawa ugonjwa kwa pembe zote nne. Lazima mkono ufike bega la ndani, kwa sababu magari haya hula tairi upande usioonekana. Nimeona ranfleti ikisifiwa kuwa mpya ilhali ndani nyuzi zimeanza kuchungulia.

Kisha geji, na geji hutumika asubuhi. Anayepiga tairi teke ili ajue presha, mwombe radhi uondoke. Teke haliambii kitu kuhusu ranfleti isipokuwa kwamba kiatu chako ni kizima. Gari lililolala usiku kucha hutoa namba ya kweli. Lililokaa saa nne likichomwa jua upande mmoja hutoa namba mbili za uongo zisizofanana.

Jeki nitaipitia haraka, kwa kuwa ubaya wake unaonekana hata na asiyejua. Mbao nene chini yake, maana udongo mweusi wa nyanda za Kapiti baada ya mvua humeza jeki mpaka shingoni. Jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la mkabala. Kichwa cha jeki kikae kwenye kile kidude cha plastiki chini ya kizingiti, si pembeni yake. Stendi iwepo. Asiye na stendi hana kazi ya kupimwa.

Sasa nifike panapostahili. Gurudumu limetoka na jingine halijaingia. Hapo katikati ndipo nampimia mtu, na mengine yote naweza kumsamehe. Asiyejua haoni kitu cha kufanya. Anaona nafasi ya kujaza, anainua gurudumu la pili na kulisukuma ndani. Anayejua anaketi chini. Mbele yake kuna uso wa habu, duara la upana wa sentimita 14 hivi, na duara hilo ndilo linaloamua kama kazi nzima ni ya kweli.

Utazame vizuri. Pana kutu ya chuma. Pana unga mweupe uliotokana na alumini ya rimu kukaa miaka ikibanwa na chuma chenye unyevu. Pana matope yaliyokauka. Na kwetu huku pana kitu cha nne: vumbi la saruji. Malori yanatoka viwanda vya Athi River usiku na mchana, vumbi lao linapenya popote, linapata umande, linaganda. Nimewahi kubandua ganda lake kwenye habu kwa bisibisi. Ukifunga rimu juu ya ganda hilo, gurudumu linakaa kama sufuria juu ya mafiga yasiyolingana. Utakaza boliti zote tano kwa haki na bado litakuwa limeinama.

Piga hesabu. Uchafu wa nusu milimita upande mmoja wa duara la sentimita 14, ukipelekwa mpaka ukingo wa tairi lenye kipenyo cha sentimita 63, unakuwa zaidi ya milimita 2 za kuyumba. Tairi laini lingeweza kukufichia. Ranfleti haifichi. Ukifika Barabara ya Mombasa na mwendo wa 90, usukani unaanza kutetemeka, na mwenye gari anasema balansi. Anakwenda kwenye mashine ya balansi, anabandikwa risasi, analipa, anarudi, usukani unatetemeka vilevile. Lazima utetemeke! Mashine ya balansi hushika rimu kwa koni yake yenyewe; kutu iliyobaki kwenye habu yako haijaonana nayo. Watu wamenunua matairi mapya kwa sababu ya uchafu ambao brashi ya waya ingeutoa.

Kuna ubaya wa pili, nao ni mkubwa zaidi. Ganda lile halidumu. Gari likitembea linasagika, na lilichokuwa limekijaza kinabaki wazi. Boliti iliyokuwa imebana juu ya ganda sasa inabana juu ya hewa. Hivyo ndivyo boliti "zinavyojilegeza zenyewe," kama wanavyosema wasiopenda kuulizwa.

Kazi safi hapo inakwenda hivi. Brashi ya waya, kavu, kwa mzunguko, mpaka chuma kionekane. Ukingo wa katikati, ule wa milimita 72.6 unaobeba rimu, husuguliwa peke yake. Pembezoni mwa matundu ya boliti husuguliwa tena, kwa sababu kutu hupenda kujenga kilima hapo. Kisha mgongo wa rimu, ambao hata wanaokumbuka habu huusahau. Grisi ni utando mwembamba kwenye ukingo wa katikati tu, ili mara nyingine rimu isigandie na mtu asije na nyundo. Kwenye uso, hapana. Kwenye boliti, hapana kabisa: boliti yenye mafuta hudanganya toki renchi, ikakazika kupita kiasi huku kipimo kikisoma sawa.

Kulikuwa na mzee mmoja Athi River, mkono wake umezeekea kwenye magurudumu ya malori ya saruji, ambaye alikuwa na kitambaa cheupe mfukoni. Akimaliza kusugua alikipitisha juu ya habu na kukitazama. Kikitoka na rangi, anaanza upya. Kisha anaweka gurudumu bila boliti hata moja, analipiga kwa viganja viwili, na kusikiliza. Sauti moja nzito, limekaa. Sauti mbili zinazofuatana, kuna kitu nyuma. Wenye haraka walimlalamikia: "Mzee, tufungie tu twende." Jibu lake lilikuwa moja: "Gari ni lako, habu ni yangu." Wanafunzi wake nawatambua hadi leo kwa jinsi wanavyokaa chini gurudumu likishatoka.

Wadanganyifu nao wana shule yao. Yupo aliyekuwa akitoza pesa ya kuhamisha magurudumu manne, akafungua kila moja, akalipangusa, akalirudisha palepale. Mteja mmoja mjanja aliandika kwa chaki nyuma ya rimu kabla ya kumpelekea. Jioni akachungulia na kukuta kila herufi nyumbani kwake. Tangu hapo nashauri chaki hata kwa unayemwamini. Yupo pia wa maonyesho, huyu ndiye hupigiwa makofi. Anakaza kwa mashine ya upepo mpaka boliti inalia, kisha anatoa toki renchi inayong'aa, anaigusisha kwenye kila boliti: ka, ka, ka. Wateja wanatikisa vichwa. Sauti ile inasema tu kwamba boliti imefika kipimo au imekipita. Haisemi imekipita kwa kiasi gani. Katika kukaza kwa mara ya kwanza, toki renchi isiyotembea hata kidogo kabla ya kulia haijapima chochote.

Boliti za E90 huanzwa kwa vidole, zote tano, mizunguko kadhaa, ndipo chombo kiguse. Magari haya hayana stadi za kutundikia gurudumu, kwa hiyo mwenye adabu hufunga pini ndefu kwenye tundu la juu, akatelezesha rimu juu yake bila kukwaruza uso alioutakasa. Kaza kwa nyota, shusha gari, malizia kwa Nm 120. Presha iwekwe kulingana na nafasi mpya, maana mbele na nyuma hazidai upepo sawa. Kisha, na si kabla, mfumo wa gari wa kuonya presha ikishuka uanzishwe upya. Hauna macho ndani ya tairi. Unalinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia ABS. Ukiuanzisha na presha mbovu, umeufundisha kwamba ubovu ndio kawaida.

Mengine ni adabu, nami nayahesabu. Vifuniko vya valvu viwe vya plastiki; vya chuma vinavyong'aa hugandia, na ni vya watu wanaong'arisha matairi. Nembo ya katikati ya rimu isimame wima gari likiegeshwa. Vyombo vikae juu ya gunia, si juu ya boneti. Redio izimwe. Anayepaka tairi dawa ya kung'arisha baada ya kazi ana kitu anachoficha, na sitasikiliza utetezi.

Nikiri kwamba naikumbuka enzi ya magurudumu matano. Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, lilibeba spea chini ya buti, na fundi wa kweli aliiingiza spea kwenye mzunguko ili yote matano yazeeke pamoja. Matairi yalitoka kiwanda cha Nairobi kilichoanza kama Firestone na ambacho, kikiwa Sameer Africa, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Kila mwenye gari alikuwa na jeki na alijua habu yake ina sura gani. Ranfleti ilipoliondoa gurudumu la tano iliondoa na jeki, na jeki ilipoondoka watu wakaacha kuchungulia. Ndiyo maana leo anayefungua boliti tu anaonekana bingwa.

Kwa hiyo sifa zisitolewe gari likishuka kwenye jeki. Mwache mtu aende Machakos mjini na kurudi, magurudumu yapoe, kisha akaze tena kwa toki renchi, boliti zote ishirini. Zikikataa kusogea na kipimo kikalia mahali pake, habu zilikuwa safi na mtu huyo anajua. Hata moja ikizunguka, afungue gurudumu hilo, achukue brashi, aanze upya. Ambaye hakurudi kukaza kabisa asisifiwe wala asiazimwe vyombo.