Mafundi wa Usiku

Seremala wa Mji Mkongwe wa Unguja akifariki, mlango wake unabaki barazani ukipigwa picha na wageni. Aliyetengeneza usiku wa watu hana bahati hiyo. Kukicha, kazi yake yote ni viti vya kubebwa, nyaya za kukunjwa na maganda ya njugu ya kufagiwa. Labda ndiyo maana hatumwiti fundi. Tunamwita mwandalizi, au siku hizi promota, na tukishasema hivyo tunamdhania mtu wa kubandika matangazo na kuhesabu viingilio.

Niliwahi kumtazama mmoja wao Ngome Kongwe, jioni ya tamasha la muziki la Sauti za Busara. Jina la mzee huyo silitaji, mwenyewe hapendi. Hakuwa na karatasi mkononi. Vyombo vilipokuwa vikijaribiwa alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na ukuta, akasikiliza. Akahama, akakaa upande wanakozoea kukaa kina mama, akasikiliza tena, kisha akaomba spika moja igeuzwe kidogo, maana ule ukuta wa mawe hurudisha sauti. Ilipokaribia magharibi akanyoosha mkono na vyombo vikanyamaza. Kijana mmoja wa mitambo, mgeni wa mji, akalalamika kwamba muda unapotea. Mzee akamtuma maji ya kunywa. Adhana ikaanza msikiti mmoja, ikadakwa na mwingine, na kijana aliporudi na chupa zake alikuta watu wametoka kuswali.

Kujua saa ya kunyamaza ni nusu ya ufundi huu. Nusu nyingine ni kujua nani amfuate nani, na usiku uanzie wapi. Sauti za Busara haianzii jukwaani. Inaanzia barabarani, kwa maandamano ya kutoka Kisonge kuelekea Forodhani, beni mbele, watoto wa Ng'ambo nyuma wakicheza bila kulipa hata senti. Asiye na kiingilio ameshapata fungu lake kabla geti halijafunguliwa. Aliyelibuni hilo alijua anaishi na watu gani.

Tamasha lenyewe lilifanyika mara ya kwanza Februari 2004. Yusuf Mahmoud, mmoja wa waanzilishi wake, aliyetokea Uingereza, alikuwa amefanya kazi kwanza katika tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, ambalo tangu 1998 limekuwa likiwasha skrini humo humo Ngome Kongwe na kuzipeleka filamu mpaka vijijini, Unguja na Pemba. Busara ikaweka sharti moja gumu: muziki upigwe papo hapo, asipande mtu kuigiza juu ya kanda. Sharti hilo limewapa riziki wapiga ngoma wengi kuliko hotuba zote za kuenzi utamaduni nilizowahi kuzisikia. Hata hivyo, 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka uliofuata likarudi. Mji ulilalamika wiki mbili hivi, ukasahau.

Lakini ufundi huu haukuja kwa meli ya juzi. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, na vikundi vya taarab vilivyoifuata vilirithi namna yake ya kuuendesha usiku. Hufunguliwa kwa bashraf, bila mwimbaji. Watu wapate kukaa, watazamane nguo, waliochelewa waingie bila aibu. Ala zikishawatuliza ndipo mwimbaji anasimama.

Na kulikuwa na njia. Namaanisha ile nafasi kati ya viti, kutoka nyuma ya ukumbi mpaka miguuni pa mwimbaji. Mpangaji wa zamani angeweza kukosea taa, angeweza kukosea hata mashairi ya kufungulia, lakini njia hakuikosea. Ndiyo waliyopita wenye kwenda kutunza. Mama anainuka mstari wa nane, buibui limeshushwa mabegani, noti kaishika kwa ncha za vidole, anakwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka duniani. Hatembei tu, anasema. Ukumbi mzima unajua beti hiyo imemgusa nani, na aliyekusudiwa, kama yumo, analazimika kumtazama akipita. Kwa hiyo njia ilipimwa: iwe pana kiasi cha wanawake wawili kupishana bila kugusana, hasa wale wasiosemezana, na isiwe pana kiasi cha kuufanya mwendo wenyewe upoe. Nilimsikia bibi mmoja akimwambia mpangaji asogeze safu nzima ya viti kwa nusu hatua. Ikasogezwa.

Leo mbele kuna makochi. Makochi meupe ya waheshimiwa, meza za vioo, chupa za maji zilizopangwa kama gwaride, na mbele yake kamera. Vitu hivyo hukodishwa kwa jumla, pamoja na maua ya plastiki na moshi wa mashine. Shughuli ikitangazwa saa mbili inaanza saa tano, na inaanza kwa kishindo, hakuna cha bashraf. Kule pwani ya kaskazini na mashariki usiku umekuwa spika na mchanga tu, na wenyeji wanausikia wakiwa kitandani.

Sisemi kila jipya baya. Forodhani ilipofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan, wengi tulizililia taa za karabai, lakini bustani ni safi na pweza bado anachomwa. Kilichopungua ni mtu wa kukaa kiti cha nyuma na kusikiliza. Kazi hii ilijengwa kwa kuanzia chini: unabeba viti, unasimama mlangoni, unajua nani haketi na nani, miaka inapita, ndipo unaachiwa usiku mmoja. Chuo cha muziki cha DCMA kinafundisha ganuni na udi, nacho 2019 kilikaribia kufungwa kwa ukata. Kupanga viti hakuna anayefundisha.

Hivi karibuni nilialikwa harusi, taarab ukumbini. Katikati ya wimbo bibi mmoja akainuka na noti yake. Kulia kochi, kushoto meza ya keki, katikati waya wa kamera. Akazunguka nyuma ya safu zote, akafika mbele wimbo umeshakwisha na mshereheshaji anataja wafadhili. Akarudi kukaa na pesa zake. Nikauliza viti kapanga nani. Nikajibiwa, kampuni.