Zimwi, Kondoo na Dakika 35

Nchini Kenya kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Odyssey ya Homer ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 12,000. Msomaji asiyekokota maneno ataimaliza kwa saa zaidi ya kumi. Toa dakika za kuita majina, za kufuta ubao na za kumtafuta aliyeondoka na chaki, na mwalimu wa Mau Narok anayetaka kuwasomea watoto utendi huu amebaki na robo saa, akijitahidi dakika 20. Lazima akate. Kazi yote iko katika kujua akate wapi, na waliomtangulia wamekuwa wakikata pasipofaa kwa zaidi ya miaka 200.

Charles Lamb alipowaandikia watoto wa Uingereza The Adventures of Ulysses mwaka 1808, aliondoa marudio, akazipanga safari za shujaa Odysseus, ndiye Ulysses, kwa mfuatano wa matukio, akazisimulia mwenyewe. Charles Kingsley akafuata mwaka 1856 na The Heroes, hadithi za Perseus, Theseus na mabaharia wa Argo. Hiki cha pili kilifika hadi kwetu: wamishonari wa UMCA kule Unguja walikitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mashujaa kabla karne ya 19 haijaisha. Vyote ni vya nathari, na kwa mtu mmoja aliyeketi na kitabu chake havina kasoro. Kwa darasa lililojaa, lenye nakala moja iliyo mkononi mwa mwalimu, vimeshavuliwa vitu viwili vilivyoifanya hadithi ishike masikio.

Cha kwanza ni “mimi”. Kisa cha jitu lenye jicho moja, Polyphemus, hakisimuliwi na Homer. Odysseus ndiye anayekisimulia, usiku baada ya chakula, katika jumba la mfalme Alcinous, na kuanzia Kitabu cha 9 hadi cha 12 hakuna msimulizi mwingine. Lamb aligeuza “tuliingia pangoni” kuwa “waliingia pangoni”. Mwalimu anayesoma “tuliingia” amekuwa mtu aliyetoka humo akiwa hai. Darasa linajua yeye atapona, basi hofu yote inawaendea wenzake. Rudisha “mimi” na hutahitaji uigizaji mwingi. Wala usivae shuka.

Cha pili ni marudio. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tendi, na mmoja wao, Avdo Međedović, alimwimbia utendi wenye mistari zaidi ya 12,000. Msaidizi wake Albert Lord alieleza siri hiyo katika kitabu cha mwaka 1960: mwimbaji hakariri neno kwa neno, anatunga papo hapo kwa mafungu ya maneno yaliyokwisha kuundwa. Alfajiri ya Homer huja na vidole vyake vya waridi mara kadhaa wa kadhaa kwa sababu hiyo. Lakini fungu linalompa mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi humpa msikilizaji nafasi ya kupumzika pia. Anayesikiliza hana ukurasa wa kurudi nyuma. Maneno yale yale yakirudi, mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani anajua tumefika wapi.

Pwani walilitatua jambo hili kwa njia nyingine. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000, kila kipande mizani nane, na kina cha mwisho wa ubeti hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sikio linangoja kina kile kama mtu angojavyo kiitikio. (Adui katika utendi huo ni Herekali, mfalme wa Rumi, aliyetawala dola iliyosema Kigiriki, kwa hiyo Wagiriki si wageni katika ushairi wetu.) Hata hivyo sishauri mtu apande Mau na Kiamu cha karne ya 18. Mtoto anayezungumza Gĩkũyũ, Kipsigis, Kiogiek au Kimaa nyumbani, na Kiswahili chake kikawa cha shuleni na cha sokoni, ataachwa nyuma kwenye ubeti wa pili.

Tena kwao kuna kielelezo cha karibu zaidi. Wagĩkũyũ wana kisa cha mke wa mhunzi aliyejifungua mumewe akiwa mbali kiwandani, akashikwa na irimũ, zimwi lijifanyalo mkunga huku likimlia chakula chake. Njiwa anatumwa kumwita mhunzi, naye anaimba wimbo ule ule, na wasikilizaji wanaimba naye. Wakalenjin wana chemosit wao, mla watu. Polyphemus akiingia darasani, nusu ya watoto wameshakutana naye kwa jina jingine. Mwalimu aseme “paukwa” na asubiri “pakawa”. Hahitaji dibaji kuhusu Ugiriki.

Sasa makato yenyewe. Kitabu cha 9 kina mistari 566, na pango limechukua zaidi ya 400. Vita na watu wa Cicones na wala maua ya usahaulifu viondoke bila huruma. Pango lisomwe kwa vipindi vitatu.

Cha kwanza kiende polepole, na hapa ndipo wafupishaji hufuta kila kitu. Odysseus na wenzake 12 wanaingia pangoni mwenyewe akiwa malishoni. Wanaona mazizi: wana-kondoo wakubwa kivyao, wa kati kivyao, wachanga kivyao. Jitu linarudi, linakamua, linamweka kila mwana chini ya mama yake. Nusu ya maziwa linaigandisha na kuiweka katika vikapu vya kusuka, nusu linaiacha vyomboni iwe ya kunywa na chakula cha jioni. Mau Narok ni nchi ya ngano, viazi na karoti, lakini kondoo wa sufu pia wapo, na yuko mtoto darasani atakayekubali kwa kichwa kwamba huyu ni mfugaji hodari. Hapo ndipo hofu inapotiwa. Zimwi lenye utaratibu linatisha kuliko linalonguruma tu. Mlango nao limeshaufunga kwa jiwe ambalo magari 22 ya magurudumu manne yasingelisogeza, na mwalimu afunge kitabu.

Kipindi cha pili kina milo mitatu: usiku, asubuhi, jioni. Kila mlo watu wawili, na mlo wa pili na wa tatu Homer anautaja kwa maneno yale yale, akibadili jina la chakula tu. Lisifutwe neno hata moja hapa. Mwalimu asome, anyamaze, aulize wamebaki wangapi. Kumi. Wanane. Sita. Kufikia mlo wa tatu darasa litajibu kabla hajauliza. Mifupa na ubongo aviruke akitaka, hesabu inatosha. Mvinyo wa Odysseus nao umiminwe mara tatu, maana jitu linamiminiwa mara tatu na mara tatu linaumaliza. Jicho linapochomwa, Homer analeta mfano wa mhunzi anayetumbukiza shoka la moto katika maji baridi. Mfano huo umeandikiwa sikio: msomaji atoe ule mlio kwa meno yake. Halafu majirani nje ya pango wanauliza nani anamuua, naye anawajibu kwa jina la uongo alilopewa, “Hakuna!” Majirani wasomewe kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi.

Nahau na msamiati mgumu visielezwe katikati. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015 katika madarasa ya chini, uliwazoesha walimu kuuliza maswali kabla na baada ya kusoma, na kwa hadithi ya ukurasa mmoja mtindo huo unafaa. Kwa utendi swali moja mwanzoni latosha, na kesho yake mtoto mmoja asimulie tulipoishia. Mvua ikianza kupiga mabati, acha. Hakuna sauti ya binadamu inayoshinda mabati ya Mau Narok saa tisa alasiri, kwa hiyo kipindi kiwe cha asubuhi.

Kipindi cha tatu ni cha kondoo. Wanafungwa watatu watatu, mtu chini ya yule wa kati. Watu sita, kondoo 18, na watoto watapiga hesabu wenyewe. Odysseus anajishikiza chini ya kondoo dume mkubwa, anayetoka mwisho. Jitu kipofu linampapasa mgongo na kumuuliza kwa nini leo amechelewa, yeye ambaye kila siku hutangulia malishoni. Maneno haya yasisomwe kwa sauti ya zimwi. Yasomwe kwa upole, kama mchungaji anavyosema na mnyama wake, na darasa likimhurumia Polyphemus kwa dakika moja mwalimu asiwasahihishe. Wataihitaji huruma hiyo Odysseus anapofika baharini, anaposhindwa kunyamaza akalitaja kwa kelele jina lake halisi, la baba yake na la kwao Ithaca, na jitu linapata hatimaye jina la kumshtakia kwa Poseidon, mungu wa bahari. Laana linayoomba hapo ndiyo inayoendesha vitabu vinavyofuata, kwa hiyo isomwe yote. Wiki inayofuata aanze na mfuko wa pepo katika Kitabu cha 10. Safari ya kuzimu, Kitabu cha 11, inaweza kungoja gredi ya nane.