Kipimo cha Njiti

Ukitoka Marble Arch ukaifuata Edgware Road, ukapita maduka ya mikate ya Kilebanoni, maduka ya dawa yenye vibao vya Kiarabu na mikahawa inayojaa wageni wa Ghuba majira ya joto, mkono wako wa kushoto utaikuta Praed Street. Ndani ya barabara hiyo ipo Hospitali ya St Mary's, na humo ndimo alimofanyia kazi Alexander Fleming. Shuleni tulifundishwa kwamba Septemba 1928 aliona ukungu ukiua bakteria katika kisahani chake, na penisilini ikajulikana. Tusichofundishwa ni kwamba miaka karibu 20 kabla ya hapo, Fleming alikuwa fundi wa kaswende. Mwaka 1909 alichapisha katika jarida la Lancet njia ya kupima ugonjwa huo kwa damu kidogo tu ya kidoleni. Dawa ya kaswende iitwayo Salvarsan, iliyopewa namba 606, ilipofika kutoka Ujerumani, alikuwa miongoni mwa madaktari wachache wa London walioweza kuichoma moja kwa moja kwenye mshipa. Wenzake wa kikosi cha kujitolea wakambandika jina la namba hiyo.

Damu kidogo, na sindano inayoupata mshipa. Karne moja baadaye, ustadi wa kumtibu mtoto njiti aliyezaliwa na kaswende bado umesimama juu ya mambo hayo mawili, na sijui kazi nyingine ya hospitali inayodai uangalifu zaidi ya huo kwa mwili mdogo kiasi hicho.

Ugonjwa wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayowaleta njiti duniani. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba wajawazito wenye kaswende hai ya kiwango cha juu, wasipotibiwa, karibu nusu yao hupata matokeo mabaya ya mimba. Robo huzaa mtoto aliyekwisha kufa. Wengine huzaa kabla ya wakati, na mtoto akawasili wodini na matatizo mawili kwa pamoja: hajakomaa, na ana vimelea katika damu.

Kazi huanza kabla hajaguswa. Daktari anaomba kadi ya kliniki ya mama: alipimwa lini, alichomwa dawa gani, sindano ngapi, na siku ngapi zilipita kati ya sindano ya mwisho na kujifungua. Zisipofika siku 30, tiba ile haihesabiki kwa mtoto. Hapa ndipo njiti anapovuruga mahesabu ya watu wazima. Mama amechomwa vizuri, kwa wakati, akijua ana wiki kumi mbele yake. Uchungu unamshika wiki ya pili.

Kisha kondo la nyuma. Mkunga mwenye uzoefu halitupi, kwa kuwa kondo la mtoto mwenye kaswende mara nyingi huwa kubwa, zito na lililopauka, na kipande chake kikipelekwa maabara kinaweza kutoa jibu ambalo mwili wa mtoto bado haujatoa. Watoto wengi wenye maambukizi huzaliwa bila dalili yoyote ya kuonekana. Na kwa njiti hata dalili zikiwapo hudanganya: umanjano, ini kubwa, chembe sahani chache, kupumua kwa shida. Yote hayo njiti asiye na kaswende huweza kuwa nayo. Ngozi ya viganja na nyayo ikibambuka, au pua ikitoa makamasi yenye damu, shaka inaongezeka. Mtoto asiyechezesha mguu pengine hakupooza, mfupa unamuuma. Eksirei huonesha mahali panapouma, na alama moja maarufu hukaa chini kidogo ya goti, upande wa ndani wa mfupa wa muundi, palipoliwa.

Sasa damu. Njiti wa kilo moja ana takriban mililita 90 tu mwili mzima, kiasi cha kikombe cha kahawa, kwa hiyo kila tone linalochukuliwa lazima liwe na kazi yake. Haichukuliwi ya kitovu, maana huweza kuchanganyika na ya mama. Huchukuliwa ya mtoto mwenyewe. Mtaalamu wa maabara anadondosha seramu kwenye duara la kadi nyeupe, anaongeza tone la antijeni yenye chembe za mkaa, anaiacha mashine iizungushe kadi mara 100 kwa dakika, kwa dakika 8. Halafu anaiinamisha chini ya taa, taratibu, huku na huku. Penye kingamwili mkaa hujikusanya vipande vyeusi. Pasipo nazo hubaki kijivu laini. Jibu likiwa ndiyo, anaizimua seramu kwa nusu, kisha nusu ya nusu: 1:2, 1:4, 1:8, 1:16. Analitafuta duara la mwisho lenye vipande. Kadiri anavyosogea, vipande vinakuwa vidogo mno, na hapo jicho la aliyezoea huona mpaka ambao mgeni hauoni.

Namba hiyo peke yake haina maana. Kingamwili za mama huvuka kondo, hivyo mtoto mzima kabisa anaweza kutoa jibu la ndiyo. Ndiyo maana damu ya mama hupimwa sambamba, kwa kipimo kilekile. Mama akiwa 1:8 na mtoto 1:32, mara nne zaidi, hakuna tena cha kubishana. Karibu na Edgware Road hiyohiyo, katika Hospitali ya Watoto ya Paddington Green, daktari Donald Winnicott alitumia miaka kama 40 akishikilia kwamba mtoto mchanga hatazamwi bila mama yake. Yeye alizungumzia nafsi, lakini maabara inakubaliana naye. Ila tahadhari: kingamwili nyingi za mama hupita wiki za mwisho za mimba, wiki ambazo njiti hakuzipata. Namba yake ikiwa ndogo, isimtulize daktari. Hata maji ya uti wa mgongo yana sheria nyingine kwake: protini ya miligramu 150 kwa desilita, ambayo kwa mtoto mkubwa ingetisha, kwake huweza kuwa ya kawaida.

Tiba ni penisilini ya mshipani, siku 10. Nitamweka msomaji karibu na meza ya muuguzi. Mtoto ana kilo 1.2, kipimo cha Uingereza ni miligramu 30 kwa kila kilo, yaani 36. Chupa ina miligramu 600, kwa kuwa imetengenezewa watu wengine. Poda yenyewe hushika nafasi ya mililita 0.4 hivi, kwa hiyo muuguzi anaweka maji mililita 5.6, si 6, ili apate miligramu 100 katika kila mililita. Anavuta 0.36. Mwenzake anarudia hesabu kuanzia mwanzo bila kuangalia jibu la kwanza, ndipo dawa inaingia, polepole, katika mshipa mwembamba uliotafutwa kwa subira. Kila saa 12 kwa siku saba za mwanzo za maisha, kisha kila saa 8, kwa sababu figo zimeanza kuamka na kuitoa dawa haraka zaidi. Ni dozi 23 kama tiba ilianza siku ya kuzaliwa. Ikikatika zaidi ya siku moja, hesabu inaanza upya.

Baada ya hapo mtoto hurudishwa kliniki kila miezi miwili au mitatu, namba ikifuatiliwa inavyoshuka. Akiwa salama, hufika miezi sita kadi ikibaki kijivu.

Nyumbani kwako kama kuna mjamzito, omba kuiona kadi yake leo, utafute jibu la kaswende. Kama halijaandikwa, nendeni kliniki wiki hii, na baba naye apimwe. Penisilini ndiyo dawa pekee inayojulikana kumtibu mtoto akiwa bado tumboni, na inapaswa kumfika mama angalau siku 30 kabla ya kujifungua.