Steringi Hafi: Lufufu na Raha ya Mtazamaji wa Filamu za Mapigano

Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, mtazamaji wa filamu za upanga na kung fu hana shaka juu ya mwisho: steringi hafi. Neno hilo, lililochotwa katika orodha za waigizaji wa filamu za Kiingereza, limehama. Sasa humtaja mhusika, si mwigizaji, na mpinzani wake ni adui tu. Raha basi yatoka wapi, ikiwa mwisho unajulikana?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika sauti ya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, msimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, ambaye Matthias Krings amemwandikia kwa kina. Wanaompima kwa mizani ya uaminifu kwa matini chanzi wanapotoka. Msimulizi wa aina hii hufupisha mazungumzo, hufichua nia ya mhusika kabla haijadhihirika, na hutia maoni yake. Hiyo ni kazi ya fanani wa ngano, na hadhira ya ngano nayo huijua hadithi kabla ya kuisikia.

Hata hivyo, sanaa hii ina udhaifu. Panga zinapogongana, maneno hurudia kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Nguvu yake i katika utangulizi wa pambano: steringi anatukanwa, ananyamaza, na msimulizi anakichelewesha kisasi. Mchuuzi wa Kariakoo aliyetoka kufukuzwa barabarani na bidhaa zake hahitaji kufafanuliwa ukimya huo.